Hoteli nzuri kwa bei ya chini: kusoma tovuti za bei fiche, na kutaja bei yako kwa simu Nairobi

Chumba cha hoteli kikilala kitupu usiku wa leo, usiku huo hauuziki tena kesho. Meneja wa hoteli analijua hilo, na tovuti za bei fiche zinaishi kwa hilo hilo. Ila meneja ana tatizo. Akitangaza hadharani kwamba chumba cha dola 150 sasa ni dola 95, aliyelipa 150 jana atashuka mapokezi kudai tofauti yake, na kampuni iliyoshika vyumba vya semina itataka nayo ipunguziwe. Ndiyo maana anakubali kukitoa kwa 95 mradi jina la hoteli lisionekane mpaka mteja amalize kulipa.

Mteja anaonyeshwa mtaa, idadi ya nyota, alama walizotoa wageni waliotangulia na orodha ya huduma, basi. Ni biashara ile ile ya belo la mitumba pale Gikomba: umeambiwa ni mashati, umeambiwa gredi na kilo, lakini kamba haikatwi mpaka ulipe. Anayepata faida ni yule anayejua kulisoma belo kwa nje.

Mtu wa Nairobi anakutana na jambo hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni pale anaposafiri kwenda nje, hasa Marekani, ambako tovuti hizi zilizaliwa na ndiko zina nguvu. Ya pili ni pale anapotafuta chumba hapa hapa jijini, kwa ajili yake au kwa mgeni anayetoka Mombasa, Kisumu au Arusha. Hizi ni shughuli mbili tofauti. Huko nje unapambana na skrini. Hapa kwetu kutaja bei kunafanyika kwa simu, na ukingoja tovuti ikufanyie utalipa zaidi.

Kwanza, achana na ushauri wa zamani

Tovuti ya Priceline ilianza kazi Marekani mwaka 1998, ikiwa wazo la Jay Walker, na kivutio chake kilikuwa Name Your Own Price: mteja anataja bei mwenyewe. Ulichagua mtaa na nyota, ukaandika kiasi unachotaka kutoa, ukaweka namba ya kadi. Ikipatikana hoteli iliyokubali, kadi inakatwa papo hapo na hakuna kurudi nyuma. Ukikataliwa, ulingoja saa 24 kabla ya kurudia ombi lile lile, isipokuwa ubadilishe kitu, kwa mfano uongeze mtaa mwingine au ushushe nyota. Wajanja waligundua mwanya hapo. Waliongeza mtaa usio na hoteli hata moja ya nyota nne, wakapata nafasi ya pili ya kutaja bei bila hatari yoyote ya kupelekwa huko.

Utaratibu huo uliondolewa kwenye tiketi za ndege mwaka 2016, na baadaye kwenye hoteli pia. Bado mtandaoni kumejaa maelezo ya kukufundisha uanze na asilimia fulani ya bei kisha upande kidogo kidogo. Yapite tu. Mlango wenyewe ulishafungwa.

Kilichobaki ni Express Deals za Priceline, zilizoanza 2012, na Hot Rate za Hotwire, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2000 na ambayo leo iko chini ya Expedia. Hapa bei imeshatajwa na tovuti, na kazi yako imehama kutoka kukisia bei hadi kukisia hoteli.

Hatua ya kwanza: shika bei ya wazi mkononi

Kabla hujafungua tovuti yoyote ya bei fiche, tafuta tarehe zako hizo hizo, idadi ile ile ya watu, kwenye Booking.com, kwenye Expedia na kwenye tovuti za hoteli zenyewe. Andika hoteli nne au tano ambazo ungekubali kulala, na mbele ya kila moja uandike bei pamoja na kodi. Huo ndio mzani wako. Asiye na mzani huu hudanganywa na ile bei iliyochorwa mstari katikati, kwa sababu haiwezekani kujua kama hoteli ilikuwa ikiuzwa hivyo kweli.

Mimi bei fiche ambayo haiko angalau asilimia 20 chini ya bei ya wazi huwa siigusi. Unaponunua kwa bei fiche unaacha haki ya kughairi, haki ya kuchagua kitanda, na mara nyingi haki ya kubadilisha jina la mgeni. Haki hizo zina thamani, na dola sita si bei yake.

Hatua ya pili: soma mipaka ya mtaa, usisome jina lake

Tovuti hizi zimeukata mji vipande, na kila kipande kina mpaka wake kwenye ramani. Jina linaweza kukupumbaza. Kipande kinachoitwa kwa jina la katikati ya mji huenda kinavuka barabara kuu mbili na kuishia karibu na uwanja wa ndege. Kuza ramani, fuata mstari wa mpaka kwa kidole, kisha ujiulize: nikiangukia kona mbaya kuliko zote ndani ya mpaka huu, nitakubali? Kama jibu ni hapana, achana na kipande hicho kizima, hata bei iwe tamu vipi.

Manhattan vipande ni vidogo na treni ya chini ya ardhi iko karibu, kwa hivyo kosa la mtaa si kubwa. Dallas au Houston ni habari nyingine. Huko kipande kimoja kina kilomita nyingi, na usidhani utatoka nje usimamishe kitu kama matatu. Akiba yote ya chumba inaishia kwenye teksi.

Kwa wazazi wanaokwenda mahafali ya watoto wao mwezi Mei, nawashauri wasahau bei fiche kabisa. Mji wa chuo ukijaa, hakuna meneja mwenye chumba cha kuficha. Shika chumba mapema kwa bei ya wazi inayoruhusu kughairi.

Hatua ya tatu: ifichue hoteli kabla ya kulipa

Hapa ndipo pana utamu. Tovuti inaficha jina, lakini inalazimika kukupa vidokezo, la sivyo hakuna atakayenunua. Vidokezo hivyo vikikutana vinne au vitano, jina linajitokeza lenyewe.

Chukua mfano. Umeona Express Deal ya nyota tatu na nusu, alama za wageni 8 na zaidi, mtaa fulani wa Chicago, dola 99 kwa usiku, na pembeni pameandikwa punguzo la asilimia 34. Tovuti imekuambia mengi kuliko ilivyokusudia. Dola 99 ni asilimia 66 ya bei kamili, kwa hivyo gawanya 99 kwa 0.66 upate 150. Sasa fungua dirisha jingine, tafuta hoteli za wazi kwenye mtaa ule ule na tarehe zile zile, weka kichujio cha nyota tatu na nusu, na utafute iliyoandikwa dola 150 au karibu na hapo. Pengine utapata mbili.

Zitenganishe kwa orodha ya huduma. Moja ina bwawa la kuogelea, nyingine haina. Moja inaruhusu mbwa, nyingine hairuhusu. Moja inatoa kiamsha kinywa bure, na hiki ni kidokezo kikubwa maana hoteli kubwa za katikati ya miji ya Marekani mara nyingi hutoza kifungua kinywa, huku zile za ngazi ya kati zikitoa bure. Rudi kwenye ofa fiche ulinganishe kimoja kimoja. Hotwire inashughulikiwa vivyo hivyo, ila ulinganishe na Expedia, kwa kuwa ni watu wa nyumba moja na mara nyingi nyota zao zinakaribiana. Priceline ilinganishe na Booking.com na Agoda, ambazo ziko chini ya kampuni mama ile ile, Booking Holdings.

Priceline pia ina kitu kinaitwa Pricebreakers: unaonyeshwa hoteli tatu kwa majina, bei moja, na utapewa mojawapo. Hii ndiyo ninayompendekezea anayejaribu mara ya kwanza. Soma maoni ya zote tatu. Ikiwa hata ile dhaifu ungeilipia bei hiyo bila kinyongo, lipa. Ikiwa mbili ni nzuri na moja ina malalamiko ya kunguni, jihesabie kwamba utapewa hiyo hiyo ya kunguni, kisha uamue.

Hatua ya nne: fika mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kufurahi

Bei ya kwanza unayoiona huenda si bei utakayolipa. New York, kodi za chumba cha hoteli ni asilimia 14.75 na juu yake dola 3.50 kwa kila usiku. Chumba cha dola 99 kwa siku tatu ni dola 297. Ongeza kodi ya dola 43.81 na zile dola 10.50, umefika dola 351, na ada ya tovuti yenyewe bado. Kwa kadirio la shilingi 130 kwa dola, hiyo ni kama shilingi 45,600.

Kisha kuna ile ada ya hoteli ambayo Las Vegas huitwa ya mapumziko na New York huitwa ya eneo. Unalipia intaneti, jimu na chupa mbili za maji, utumie usitumie. Tangu Mei 2025 Marekani ina kanuni inayowataka wauzaji wa vyumba waonyeshe bei kamili pamoja na ada za lazima tangu mwanzo, na hilo limesaidia. Hata hivyo soma maandishi madogo, hasa pale panaposema kuna kiasi kitakacholipwa ukifika hotelini. Kiasi hicho hakimo kwenye kile ulichokwisha kulipa.

Upande wetu, benki haikubadilishii dola kwa bei unayoiona kwenye habari za saa tatu. Ongeza asilimia kadhaa kwenye hesabu yako, ili taarifa ya kadi isikushtue.

Hatua ya tano: kadi, na mahali Wakenya wengi hukwama

Kulipa mtandaoni si tabu. Tangu 2022 Safaricom na Visa wana kadi isiyoshikika, M-Pesa GlobalPay, inayokuwezesha kulipa tovuti za nje moja kwa moja kutoka kwenye simu. Tabu inakuja mapokezini. Hoteli za Marekani hutaka kadi ya kushika mkononi, yenye jina la mgeni, ili washikilie amana ya dola kadhaa kwa kila usiku endapo utavunja kitu au kula kwenye friji ya chumbani. Kadi ya kwenye simu hapo haikusaidii.

Kwa hivyo kabla hujapanda ndege uwe na kadi halisi ya benki yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na iwe na pesa za ziada ambazo hutazihitaji kwa siku chache, kwa sababu amana hiyo hairudi siku ile ile unayoondoka. Ikiwa unaye mtoto au ndugu huko mwenye kadi, aje nawe mapokezini kwa miguu yake; picha ya kadi iliyotumwa WhatsApp haikubaliki.

Na usilipe bei fiche kabla ya kupata viza. Nasema hili kwa herufi nene moyoni mwangu. Ubalozi ukitaka kuona mahali utakapolala, peleka nafasi iliyoshikwa kwa bei inayoruhusu kughairi. Viza ikitoka ndipo uanze kuwinda bei, na ukipata iliyo nafuu zaidi unaghairi ile ya kwanza ndani ya muda wake. Viza ikikataliwa huku umeshalipa chumba kisichorejeshewa pesa, hakuna wa kumlilia.

Ukishalipa

Jina la hoteli litatokea. Siku hiyo au kesho yake, piga simu au andika barua pepe moja kwa moja hotelini, uulize kama jina lako wameliona, uombe kitanda unachotaka, na useme utafika saa ngapi. Chumba cha bei fiche kawaida kinahesabiwa kwa watu wawili, na kama ni kitanda kimoja kikubwa au viwili vidogo huamuliwa ukifika. Baba, mama na watoto wawili wasijaribu njia hii.

Saa ya kufika ina uzito wake kwetu sisi. Ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja hadi New York huondoka Nairobi usiku na kukufikisha asubuhi, wakati hoteli nyingi hufungua vyumba saa tisa alasiri. Waombe wakuhifadhie mizigo, wengi hukubali bila malipo. Na ukichelewa upande wa pili, yaani ufike baada ya usiku wa manane, waarifu. Usipoonekana usiku wa kwanza wanaweza kufuta siku zako zote na pesa zisirudi.

Sasa tuje Nairobi

Hapa jijini ile bei fiche ipo, ila haimo kwenye skrini. Iko mdomoni mwa dada au kaka wa mapokezi, na inatoka ukiuliza vizuri.

Sababu yake ni ya kihesabu. Hoteli inapouza kupitia tovuti kubwa, hukatwa kamisheni ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 15. Chumba cha 6,500 kinaiachia hoteli kama 5,500. Wewe ukipiga simu na kutoa 5,500 taslimu, hoteli haijapoteza kitu, nawe umebaki na elfu moja. Mara nyingi mikataba ya tovuti huizuia hoteli kutangaza bei ya chini hadharani. Anachokuambia mtu wa mapokezi kwa simu ni jambo kati yenu.

Jua wakati wako. Hoteli za Upper Hill na Westlands zinaishi kwa watu wa mikutano: Jumanne hadi Alhamisi hupunguziwi kitu, Ijumaa jioni wanalegea. Mkutano mkubwa wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ukiwa Gigiri, usijaribu kupatana bei popote kuanzia Westlands kwenda juu. Wiki ya Krismasi watu wameenda mashambani, pwani imejaa hadi pomoni, na hoteli za mjini Nairobi zinatazamana na viti. Huo ndio wakati wa kumleta shangazi kutoka Tanga aone jiji.

Mtaa uchague kwa kuangalia utaamkia wapi. Anayekuja mahojiano ya viza ubalozi wa Marekani, Gigiri, asilale River Road kwa sababu ni rahisi kisha asubuhi akwame kwenye jam. Alale Parklands, Westlands au Ruaka. Aliye na mgonjwa Hospitali ya Kenyatta atafute Upper Hill, Hurlingham au upande wa Kilimani ulio karibu. Anayefika na treni ya usiku kutoka Mombasa atashushwa Syokimau kabla hakujakucha, na akiwa na ndege ya kuunganisha JKIA, chumba cha Syokimau au Embakasi ni bora kuliko kuingia mjini na kutoka tena. Anayepanda basi alfajiri, ndiyo, Accra Road na River Road kuna vyumba vya bei ya chini sana, lakini aombe cha nyuma na cha ghorofa ya juu, maana makondakta hawajui usiku ni nini. Westlands nayo ina lake: Ijumaa na Jumamosi muziki wa vilabu unaingia mpaka chini ya mto.

Ukishachagua hoteli mbili au tatu, angalia bei yao mtandaoni, ukiwa umefungua akaunti yako. Booking.com inatoa punguzo la Genius la asilimia 10 kwenye hoteli zinazoshiriki kwa kujisajili tu, na asilimia 15 ukishabuku mara 5 ndani ya miaka miwili. Bei hiyo baada ya punguzo ndiyo ya kuanzia nayo. Kisha piga simu. Namba uichukue kwenye tovuti ya hoteli au kwenye ramani ya Google, si kwenye tangazo la Facebook.

Mazungumzo huenda hivi:

"Habari ya mchana, dada. Naomba chumba cha mtu mmoja, Ijumaa na Jumamosi, kuondoka Jumapili. Mnacho?"

"Njema, karibu sana. Kipo, ni 6,500 kwa usiku na kiamsha kinywa."

"Asante. Mtandaoni nimeona 5,850. Nikilipa moja kwa moja kwenu leo, siku zote mbili, nina elfu tano kwa usiku. Mtanisaidia?"

"Hiyo ni chini kidogo... wacha niongee na meneja, nitakupigia."

Hapo umefika. Mtu wa mapokezi akisema anaenda kuongea na meneja, ujue bei ina nafasi ya kushuka, na mara nyingi atarudi na kitu kama 5,500. Sasa usirudi kuvuta mia mbili mbili. Kubali, lakini omba kitu ambacho hakiwagharimu: kuondoka saa nane badala ya saa nne, chumba cha nyuma kisicho na kelele, au maegesho.

Zingatia yaliyomo kwenye ombi lile. Umetaja tarehe, umetaja bei ya mtandaoni ambayo wanaweza kuiangalia, umeonyesha uko tayari kulipa leo, na umetaja kiasi chako mwenyewe. Anayepiga simu na kuuliza "bei ya mwisho ngapi?" amemkabidhi mwenzake usukani. Na mwite dada, kaka au madam kwa heshima. Ndiye atakayekupangia chumba.

Kabla hujasema sawa, maliza maswali haya. Bei hiyo ina kodi? Nairobi kuna hoteli zinazotaja bei tupu halafu zinaongeza VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, na elfu tano yako inakuwa 5,900. Kuna bei ya wakazi? Hoteli nyingi zinayo, na huitoa ukionyesha kitambulisho. Maji ya moto ni ya saa zote? Mtu wa pwani hulipuuza swali hili mpaka akutane na Nairobi ya mwezi wa Julai, na shawa ya umeme iliyokufa. Stima ikipotea kuna jenereta? Na picha zile ni za chumba kipi? Tazama zilizopigwa na wageni wenyewe kwenye Google, za miezi ya karibuni, maana picha za hoteli zilipigwa siku ya uzinduzi.

Malipo yaende kwa Till au Paybill, yaani namba ya biashara ya M-Pesa, yenye jina la hoteli au la kampuni inayoimiliki. Soma jina la anayepokea linapotokea kwenye simu kabla hujakamilisha. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi kwa sababu "till ina shida leo", mwambie utalipa ukifika. Akikataa, hoteli ziko nyingi. Omba ujumbe mfupi unaotaja jina lako, tarehe, bei kwa usiku na kwamba kodi na kiamsha kinywa vimo. Ujumbe huo utakufaa zamu ikibadilika na anayekupokea akawa mtu mwingine asiyejua habari yenu.

Ikiwa hutaki kupatana bei kabisa, kuna njia ya kivivu inayofanya kazi: buku mapema kwa bei inayoruhusu kughairi, kisha uweke kengele kwenye simu siku moja kabla ya muda wa kughairi kuisha. Kengele ikilia, angalia bei tena. Imeshuka? Buku upya, kisha ghairi ya zamani, kwa mpangilio huo, usianze na kughairi. Chunga tu kwamba muda huo mara nyingi huisha saa 24 au 48 kabla ya kufika, si asubuhi ya safari.

Kuna wizi mmoja wa kuwa macho nao, wa hapa na wa nje. Baada ya kubuku unapata ujumbe, wakati mwingine ndani ya programu yenyewe uliyobukia, ukidai kadi yako haijathibitishwa na nafasi itafutwa baada ya saa kadhaa usipobonyeza kiungo. Matapeli huingia kwenye akaunti ya hoteli na kuandika kana kwamba ni mapokezi. Usibonyeze. Piga simu hotelini kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uulize.

Ukifika, omba kukiona chumba kabla ya kujaza fomu. Wahudumu wa Nairobi wamezoea ombi hilo na hakuna anayekasirika. Kama si kile mlichokubaliana, sema hapo hapo mapokezini huku mizigo ikiwa bado sakafuni na ule ujumbe ukiwa wazi kwenye simu yako, maana ukishaoga na kulala, chumba umekikubali.